Nyama ya Katikati ya Sinia

Hapo zamani, watawala walipokuwa bado wakiwaogopa watu wao japo kidogo, ulikuwako mji uitwao Mwandarasi. Desturi ya mji ule, kila baada ya miaka kadhaa watu hukutana uwanjani wakamtaja wamtakaye awatawale. Mwaka ule Sultani Mwinchande alikitaka kiti tena, na binamu yake Mwinyi Ngwali naye alikuwa akikimezea mate.

Basi Waziri Shomvi akawa kila Alhamisi anawapikia watu pilau, na wakiwa katikati ya kula huwapitia akiwauliza, "Mwamtaka nani?" Nao hujibu kwa vinywa vilivyojaa, "Sultani!" Waziri hurudi na habari hiyo, naye Sultani akazidi kunenepa kwa furaha. Ikawa siku moja akasikia kwamba kwa Mwinyi Ngwali nako, kila Jumatatu, hupikwa pilau, huulizwa swali lilo hilo, na watu wale wale hujibu, "Mwinyi Ngwali!" Usingizi ukamruka.

Akaamuru aletwe Dadi, fukara mmoja aliyekuwa akila kote kuwili bila haya.

"Dadi, nataka kujua ni wangapi wanipendao kwa dhati. Ukiniletea uongo, shingo yako ni halali yangu."

Waziri, alipoona kazi yake yaingiliwa, akadakia, "Na asimwulize mtu hata neno moja, Seyyidi yangu. Kuuliza ni kazi yangu mimi."

"Na iwe hivyo," akasema Sultani.

Dadi akajishika shingo. "Nimesikia, Seyyidi yangu. Niombalo ni karamu moja tu, nawe ukae nje barazani, utazame dirishani."

Basi Alhamisi ikafika, watu wakayazunguka masinia. Nanyi mwaijua adabu ya kula: huanzwa wali wa kandokando, nyama ikaachwa katikati hadi mwisho, na mwenye kunyanyuka mapema imempita, hana wa kumlaumu. Dadi akangoja mpaka wali umepungua na macho yote yameiganda nyama, ndipo akapaza sauti: "Enyi waungwana! Sultani yuko hapo nje. Ampendaye na atoke sasa hivi akambusu mkono!"

Mikono ilizidi tu kwenda mbio sinia zima. Akanyanyuka mzee mmoja peke yake, akatoka pole pole, Dadi akimfuata nyuma, akambusu Sultani mkono.

Sultani machozi yakamlengalenga. "Walau mmoja! Dadi, ni nani huyu?"

"Ni Mzee Bungara, Seyyidi yangu. Hana meno."

Sultani akachungulia tena dirishani, akamwona Waziri Shomvi kashika mfupa, mafuta yamchuruzika hadi kiwikoni. Aibu ikamchoma.

"Kumbe wamtaka Ngwali!"

"La, Seyyidi yangu. Jumatatu nilifanya vivi hivi kwake, akatoka Mzee Bungara huyu huyu."

"Sasa wampenda nani, ewe Dadi?"

"Wampenda ng'ombe. Taabu ni kwamba mmekwisha kumchinja, hataweza kusimama uwanjani."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akamwachia Dadi shingo yake, akamvika na joho juu yake. Kisha akanyamaza ghafula, kwani alisikia kule ndani watu wote nao wanacheka, Waziri akiwa mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyejua kinachochekwa.