Gari la Masika la Mama Atukuzwe

"Tope likikauka, fungua gurudumu." Mmeisikia asubuhi ya leo, Mzee Chaula alipomwambia jirani yake anayelala na kabati limeegemezwa mlangoni tangu mwaka ule wa wezi, ilhali wezi wenyewe wamekwisha kuzeeka na mmoja wao ni mzee wa kanisa. Mkacheka sana, kisha mkaja kuniuliza: gurudumu linafunguliwaje, na tope lina uhusiano gani na kabati? Haya, kaeni. Chai bado haijachemka. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke huko Lugoda aliyeitwa Nesia Mahenge, ingawa watu walimwita Mama Atukuzwe kwa jina la binti yake wa pekee. Lugoda ni kijiji cha mlimani, chini kidogo ya uwanda wa Kitulo, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi na kukaa hadi saa nne. Mumewe Nesia, marehemu Lutengano, alikuwa na gari kuukuu la kijani, la ile aina ambayo injini yaweza kusukuma magurudumu yote manne. Alilinunua likiwa tayari limezeeka, akalipenda hivyo hivyo.

Masika ya huko si ya kuchezea. Udongo hugeuka uji, na barabara ya leo kesho huwa mto. Kwa hiyo kila mwaka, mawingu yalipoanza kujikusanya, Lutengano aliliandaa gari lake kama mtu anayemvisha mtoto sweta. Aliweka viroba vinne vya mchanga nyuma, lisiserereke. Alifunga keria juu ya paa, akapakia mbao, sepetu, minyororo na tairi la pili la akiba. Alipunguza upepo, matairi yapate kulala vizuri juu ya tope. Mwisho aliinama mbele, akazungusha kwa vidole kifundo kilichokuwa katikati ya kila gurudumu la mbele mpaka kikalia ta! Kuanzia hapo magurudumu ya mbele nayo yalifungwa kwenye injini. Akiingia ndani na kusukuma ile gia ndogo iliyo kando ya gia kubwa, yote manne yalivuta pamoja.

Masika moja akamfundisha mkewe kuendesha. Akamwonyesha vifundo vile na gia ile ndogo, akamwambia, "Hivi usiviguse, Nesia. Hivi ndivyo vitakavyokurudisha nyumbani."

Masika hiyo hiyo alishikwa na homa ya mapafu. Hakuumwa hata wiki mbili. Walimzika mwezi wa nne, mvua ikinyesha, na gari likiwa limeegeshwa uani kama alivyoliacha.

Nesia hakuligusa. Maana yangu ni kwamba aliliendesha, aliliosha kila Jumamosi, alilipeleka shambani na sokoni, lakini hakubadilisha kitu. Jua liliwaka, barabara ikawa vumbi tupu, naye akaenda na mchanga wake nyuma na mbao zake juu. Wajaza upepo walipotaka kuongeza, aliwazuia. "Acheni kama alivyoacha mwenyewe," alisema, nao wakaacha, kwa kuwa nani atabishana na mjane? Miaka sita ikapita hivyo.

Gari likawa mnywaji. Watu wa Lugoda, ambao ulimi wao mnaujua, walisema gari la Mama Atukuzwe likifika kwenye kituo cha mafuta husimama lenyewe. Usukani ukawa mzito hata mikono ikamuuma kila kona, na chini kulikuwa na sauti ya kuguguna, ya kitu kinachokataa kwenda na kinachokwenda kwa nguvu. Nesia hakushangaa. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yakilia hivyo hivyo.

Kisha Atukuzwe akaolewa Kinyika, ng'ambo ya uwanda. Barabara ya kwenda huko hupanda, ikakata nyika tupu ya Kitulo, halafu ikashuka, na katikati hapana nyumba wala mtu wa kukuuzia mafuta. Mwaka uliofuata Nesia alijaribu kwenda kumtembelea. Aliondoka Lugoda na tangi lililojaa pomoni, likamwishia katikati ya nyasi. Alikaa ndani ya gari kutwa nzima, ukungu umefunga kila upande, hata akaanza kudhani dunia imefutwa na kubakizwa yeye peke yake na kile kiti. Jioni lori la viazi likamkokota hadi nyumbani. Hakujaribu tena.

Sasa katika ukoo wa kina Nesia kulikuwa na desturi ambayo haikuwahi kuvunjwa. Mtoto wa kwanza wa binti huogeshwa mara ya kwanza na mama wa huyo binti. Nesia aliogeshwa na bibi yake, Atukuzwe akaogeshwa na mama yake Nesia. Basi mwezi wa nane, wakati wa baridi kali, simu ikalia asubuhi.

"Mama," Atukuzwe alisema, "nesi amesema ni wiki hii. Utakuja?"

"Nitakuja," Nesia akajibu, na alipokata simu akakaa kitako jikoni akalia, maana hakujua atafikaje. Msimu wa viazi ulikuwa umekwisha, malori hayapiti. Kituo cha mafuta kilikuwa kimepiga marufuku kujaza madumu. Alikuwa na lile gari tu, na lile gari lilikuwa halifiki.

Akalipeleka kwa Fundi Aidani Tweve, aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu ujana wao, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno ya mzaha.

"Shemeji," Nesia alimwambia, "nifungie tangi la pili. Hili moja halinifikishi."

Aidani akajifuta mikono. Alilizunguka gari polepole. Akabonyeza tairi kwa kidole cha mguu. Akachungulia nyuma, akatazama juu ya paa. Tangu mazishi hakuwa ameliona kwa karibu, kwani Nesia hakupenda lishikwe na fundi yeyote.

"Linakwenda wapi gari hili, shemeji?"

"Kinyika, kwa mwanao Atukuzwe."

"Aa. Nilidhani linakwenda vitani." Akagonga viroba. "Na mchanga huu? Unamjengea mkwe nyumba?"

"Aliuweka mwenyewe."

"Mwezi gani?"

"Wa tatu."

"Na sasa tuko mwezi gani?"

 Aidani akachuchumaa mbele ya gurudumu la mbele, akapangusa vumbi kwenye kile kifundo, akakitazama muda mrefu. Aliposimama hakuwa tena na uso wa mzaha.

"Shemeji, miaka sita hujafungua hivi?"

"Usiviguse!" Nesia alijipenyeza kati ya fundi na gurudumu, akakinga kwa gauni lake. "Aliniambia ndivyo vitakavyonirudisha nyumbani. Vidole vyake ndivyo vya mwisho kushika hapa, Aidani. Vyake. Nikizungusha mimi, atakuwa hajaacha kitu tena hapa duniani alichokifanya kikabaki vile vile."

Fundi akarudi nyuma hatua moja. Akaketi juu ya rimu iliyolala pale.

"Sikiliza nikuambie," alisema. "Kila mwezi wa sita, mvua zikikatika, Lutengano alikuwa akija hapa. Wewe ulikuwa shule unafundisha, hukuwahi kumwona. Alishusha keria, akamwaga mchanga pale kwenye mtaro, akajaza upepo. Kisha alipiga magoti palepale uliposimama, akafungua vifundo kwa mkono wake. Mimi hakuniruhusu. Huku anapiga mluzi. Siku moja nikamuuliza, mbona usiache tu, si mvua itarudi? Akanijibu, 'Aidani, gari lisiloambiwa kwamba mvua imekwisha litaendelea kupigana na barabara kavu mpaka life.'"

Nesia akageuka kuutazama ule mtaro.

"Alikufa tope likiwa bichi, shemeji. Angeufikia mwezi wa sita angefungua. Umemtunzia masika yake miaka sita. Kiangazi chake nani anamtunzia?"

Hapo Nesia alilia kilio ambacho hakulia siku ya mazishi. Aidani aliangalia pembeni, akajifanya anatafuta spana. Hata machozi yalipopungua, mwanamke yule akapiga magoti mwenyewe kwenye udongo mweusi wa mafuta machafu, akashika kifundo. Hakikugeuka. Miaka sita ya kutu si mchezo. Fundi akadondosha oili, wakangoja, wakadondosha tena. Mara ya tatu Nesia akabana meno, akazungusha, kikalia ta! Akaenda upande wa pili, nacho kikalia.

"Na nikikuta tope?" aliuliza, bado kapiga magoti.

"Unashuka, unazungusha tena. Havijaondoka, vipo."

Yaliyobaki yalikuwa kazi ndogo. Walishusha keria na vyote vilivyokuwa juu yake. Nesia akavifungua viroba kimoja kimoja na kumwaga mchanga mtaroni. Matairi yakajazwa upepo wa barabara kavu. Aidani akachomoa chujio la hewa la injini, akaligonga kwenye gogo, likatoa vumbi la miaka sita mpaka wote wawili wakapiga chafya, akatia jipya. Gia ndogo ikarudishwa nyuma mahali pake. Tangi la pili hakulitaja tena mtu.

Kesho yake, alfajiri ikipambazuka, Nesia akaondoka, tangi likiwa limejaa.

Alipopanda kona ya kwanza alishtuka, akapunguza mwendo, akidhani kuna kitu kimekatika. Usukani ulikuwa mwepesi mkononi. Ile sauti ya kuguguna haikuwapo. Alipanda, akapanda, kisha uwanda ukafunguka mbele yake, na sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imelala juu ya nyasi zote, nyeupe hadi kwenye upeo wa macho. Ukungu ulitambaa chini chini, ukaficha barabara, hivi kwamba gari lilionekana linakwenda juu ya maziwa. Hakusikia injini. Alisikia ndege mmoja mahali asipoweza kumwona, akasikia maji yakipita chini ya daraja dogo, na akafikiri, miaka yote hii maji yalikuwa yakipita hapa. Hakujua alikwenda kwa saa moja au tatu. Wakati fulani alijikuta akizungumza na Lutengano kwa sauti, akimweleza bei ya mbolea na mambo ya majirani, si kwa huzuni, bali kama watu wawili wanaosafiri pamoja na njia ni ndefu. Jua likachomoza, sakitu ikaanza kumeta na kuyeyuka. Alipopita mahali alipokwama mwaka ule hakupatambua, mpaka alipokuwa amekwisha kupapita. Akatupa jicho kwenye mshale wa mafuta. Ulikuwa bado haujashuka hata kufika nusu.

Akacheka peke yake. Akaachia gari lishuke kuelekea Kinyika.

Zahanati ya Kinyika iko kando ya barabara. Ndani, Atukuzwe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu usiku, na mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni akitazama njia bila matumaini makubwa, kwa sababu habari za gari lile zilikuwa zimevuka uwanda zamani. Aliposikia gari linashuka hakujishughulisha nalo. Gari la Mama Atukuzwe kila mtu alijua linalia vipi, na hili lilikuwa linakuja taratibu, laini, bila kunung'unika.

Lakini kitandani Atukuzwe alinyanyua kichwa.

"Baba amekuja," alisema.

Nesi na mama mkwe wakatazamana. Wakadhani anaweweseka kwa maumivu. Mlango wa gari ukafungwa, na aliyeingia alikuwa Nesia, shuka la Kimasai begani, mikono ina oili ya jana kwenye kucha.

"Ni mimi, mwanangu."

"Nimesikia gari la baba," Atukuzwe alisema, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. "Lile alilokuwa akirudi nalo kiangazi, nilipokuwa mdogo. Nilikuwa nalitambua tangu kule kwenye mikaratusi. Ndilo lile, mama. Nimelisikia."

Nesia akamshika mkono. Kwa miaka sita alikuwa amebeba kila alichoacha mumewe, na mlio huu ndio alioupoteza kwa kubeba.

"Ndilo," alimwambia. "Tope lilikauka siku nyingi, mwanangu. Nimefungua gurudumu."

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kiume, mwenye sauti kubwa. Nesi akampisha bibi. Nesia alinawa mikono mara mbili, akajaribu maji kwa kiwiko, akamwogesha mjukuu wake polepole, akimwambia majina ya watu wake mmoja baada ya mwingine.

Mama mkwe wa Atukuzwe ndiye aliyeyapeleka maneno yale sokoni, na sokoni hayakukaa. Watu wakaanza kumwambia hivyo mtu aliyegombana na nduguye kisha nduguye akatubu, naye bado hasalimii. Wakamwambia mama anayemficha chakula mtoto kana kwamba njaa ile ya zamani ingali mlangoni. Nesia mwenyewe kila mwezi wa tatu hufunga vifundo, maana mvua ni mvua, na kila mwezi wa sita hupiga magoti akavifungua, na wanaompita njiani husema humsikia akipiga mluzi. Mwenye kabati mlangoni hajaambiwa alichome moto. Ameambiwa wezi wamezeeka, arudishe kabati ukutani, afungue mlango, jua liingie.

Tope likikauka, fungua gurudumu.