Maandazi Yaliyorudishwa

Wapendwa, kaeni vizuri, na wale wa nyuma sogeeni, viti vya mbele having'ati. Leo nataka niwapeleke kwenye kanisa ambalo hamtalikuta popote mkilitafuta, kwa sababu nimelitunga mwenyewe. Ila mabati yake nimeyaazima kutoka kanisa nililobatizwa, kule mlimani kwenye migomba na kahawa. Na kengele yake ni ileile rimu ya lori, imening'inizwa kwa mnyororo, mzee wa zamu anaigonga kwa chuma mpaka mbwa wa kijiji kizima wanaitikia.

Wenye mvi wenzangu mnakumbuka Jumapili za enzi zile. Ibada ilikuwa haiishi kwa baraka, maana baada ya baraka kulikuwa na mnada. Kila mtu alileta sadaka ya kile alichonacho: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, kibuyu cha maziwa, maboga, miwa. Vitu vinatolewa nje, mzee mwenye sauti anavinadi, anayenunua kitu anaondoka nacho, na fedha inaingia kanisani. Siku hizi tunatuma sadaka kwa simu, ni vizuri, wala silalamiki. Lakini sadaka ya zamani ilikuwa na harufu, jamani! Jogoo aliweza kuwika katikati ya sala ya toba, mchungaji akanyamaza, akamsubiri amalize. Nikiyakumbuka hayo moyo unaniuma, na ni maumivu matamu.

Basi katika kanisa hilo alikuwepo binti mmoja asiyeona. Nikisema binti msidhani mtoto. Alikuwa mtu mzima, wenzake wa rika lake wameshaolewa na wana watoto wao. Mama yake alimpenda sana, na hili nalisema mapema ili mtu asimhukumu mama wa watu. Alimfulia, alimpakulia chakula, alimchotea maji ya kuoga, hata chai alimpoozea kwanza ndipo akampa. Kazi ya binti ilikuwa kukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Akijaribu tu kusimama, utasikia, "Kaa mwanangu, unataka nini? Nakuletea." Na kila Jumapili mama alimwekea yai mkononi, wakaenda wote kanisani, binti akalitoa yai lile. Sasa niwaulize, sadaka ile ilikuwa ya nani? Kuku wa mama, yai la mama, mkono tu ndio wa binti.

Siku moja akaja nyumbani kwao mwalimu kutoka kituo kinachowahudumia watu wenye ulemavu. Mwanamke mmoja mchangamfu, viatu vimejaa tope la mlimani. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kuwafundisha watu kujitegemea: kutembea na fimbo nyeupe, kufua, kupika, kwenda sokoni na kurudi. Akamsalimia mama, akaketi, akamgeukia yule binti pale kwenye kigoda. Hakumuuliza mama. Akamuuliza binti mwenyewe.

"Dada, wewe ungependa kujua kufanya nini?"

Binti akamgeuzia uso. Hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo. Halafu akasema, "Nataka kukaanga maandazi."

Mama karibu azimie. "Maandazi? Mwalimu, hayo ni mafuta ya moto! Mfundishe kusuka mkeka. Mfundishe kuimba. Lakini jikoni kwangu hapana, huyu ataungua."

Mwalimu akacheka kidogo. "Mama, mimi nakuomba jiko asubuhi moja tu. Wewe nenda shambani."

Mama akaenda shambani. Enhe, mnacheka, mnamjua mama yule! Alikwenda shambani mpaka kwenye mgomba wa kwanza nyuma ya nyumba, akajibanza pale, jembe mkononi, macho jikoni. Akamwona mwanawe anapapasa unga, anakanda, anasukuma, anakata. Akamwona anasogeza uso pembeni ya karai na kuyasikiliza mafuta. Maana mafuta yanasema, wapendwa. Mwalimu alimfundisha kuchovya kijiti kikavu na kusikiliza kinavyolia. Alimfundisha kwamba andazi bichi lina kelele, na likiiva mlio unatulia, na harufu inabadilika. Sisi wenye macho tumekaanga miaka yote na hilo hatujawahi kulisikia.

Tone moja likaruka, likamchoma binti kidoleni. Akapiga kelele. Mama alitoka kwenye mgomba kama mtu aliyeona nyoka. "Si nilisema! Si nilisema mimi! Mwalimu, zima moto!"

Binti akanyonya kidole, akauliza kwa upole, "Mama, kwani wewe hujawahi kuungua?"

Mama akataka kujibu, akaitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa imejaa alama za jiko kuanzia viganjani hadi viwikoni, nyingine za tangu akiwa msichana kwao. Akaliweka jembe chini, akaenda shambani kweli, safari hii mpaka mwisho wa shamba. Huko alilia, na alilia kwa sababu aligundua kuwa mwanawe alikuwa amekaa miaka yote hiyo bila hata kovu moja la kazi.

Mwalimu akaendelea kuja, wiki nyingi. Maandazi ya mwanzo yalikuwa magumu, hata kuku waliyatazama kwanza. Mengine yaliungua. Binti akazidi kujaribu, mpaka siku moja akamwambia mama yake, "Jumapili hii yai libaki bandani. Nina sadaka yangu."

Mnaisikia sentensi hiyo? Mtu aliyekaa kwenye kigoda maisha yake yote anasema, nina sadaka yangu. Hicho ndicho alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo. Alitaka siku moja kitu kilichotoka mikononi mwake kifike kwa mtu mwingine na kibaki huko.

Jumapili ikafika. Binti akaamka mapema, akakaanga, akapanga maandazi kwenye beseni, akafunika kwa kitambaa cheupe mama alichokitarizi zamani. Akashika fimbo yake kwa mkono mmoja, beseni kiunoni kwa mkono mwingine, akapanda kilima mwenyewe. Mama yuko nyuma yake, anajifunga na kujifungua khanga njia nzima. Ibada ikaisha, mnada ukaanza. Kuku wakaenda, ndizi zikaenda, boga kubwa likagombewa na mashemeji wawili mpaka watu wakashika mbavu.

Ndipo yule mzee mnadi akanyanyua beseni. "Haya! Maandazi ya binti yetu! Amekaanga mwenyewe!"

Wengine machozi yakawatoka. Bei ikaanza kupanda, ikapanda kupita mbuzi, ikapita hata lile boga. Bwana mmoja mwenye kahawa nyingi akanunua, akalipa palepale, akasema kwa sauti, "Naurudishia mnada, nadini tena!" Vigelegele! Wakanadi tena. Safari hii akanunua mama mwenye duka, naye akapaza sauti, "Nami simnyang'anyi mtoto wa watu. Mrudishieni mwenyewe, akale na mama yake nyumbani."

Vigelegele vikazidi, ngoma ikapigwa, watu wakakumbatiana. Ilikuwa Jumapili nzuri, wapendwa, ya kusimuliwa miaka. Nami kama ningekuwepo huenda ningeimba kuliko wote. Beseni likapita mkono kwa mkono, likarudi mpaka mikononi mwa binti.

Akalipokea. Akaupima uzito wake. Akapitisha vidole juu ya kitambaa, akakuta kiko vilevile alivyokifunga asubuhi, hata pembe moja haijafunuliwa.

Akauliza, "Baba mzee, nani ameyaonja?"

Ngoma ikanyamaza.

"Jogoo mmemnunua, ameondoka, leo ataliwa. Ndizi zimeondoka. Boga limeondoka. Mbona yangu peke yake ndiyo yanarudi nami nyumbani?" Akalisukuma beseni mbele. "Kama hamyataki, si mseme?"

Sasa nauliza, na msinijibu haraka. Watu wale walikuwa wabaya? Walitoa fedha nyingi kuliko siku zote. Walilia machozi ya kweli. Walimpongeza. Kilichowapita ni kwamba hakuna hata mmoja aliyedhani maandazi yale yanaweza kuliwa. Walinunua ujasiri wake, walinunua hadithi yake. Maandazi wakayarudisha.

Yule mzee mnadi akasogea, akafunua kitambaa, akachukua andazi moja, akalimega, akalitia mdomoni. Akatafuna. Mkutano wote unamtazama taya.

"Binti yangu," akasema, "hiliki imezidi."

"Baba!" mama akamaka, na mkutano wote ukashika vinywa. Jamani, mzee huyu ana roho gani! Mtoto asiyeona, mara ya kwanza kutoa sadaka yake, halafu unamwambia hiliki imezidi?

Lakini binti aliinua uso, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha.

"Imezidi sana, baba?"

"Sana. Umekaanga vizuri, limeiva mpaka ndani, lakini hiliki umemwaga kama vile unapanda maharage. Wiki ijayo punguza."

"Nitapunguza," akasema binti. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Wiki ijayo! Mtu amemtegemea kwa wiki ijayo! Na mzee akachukua la pili. Mama wa duka akaja, akiona haya, akachukua moja. Bwana wa kahawa akachukua mawili, na watoto wakamaliza yaliyobaki. Binti akaliinua beseni lake jepesi, akateremka nalo kilima, na njiani akamwambia mama yake, "Umesikia? Hiliki imezidi." Aliyasema maneno hayo kama wengine wanavyotaja cheti cha shule.

Hapo mfano wangu unaishia. Sasa tuje kwetu.

Sisi wa kanisa hili tuna huruma, na simdharau mwenye huruma. Tunachanga, tunabeba, tunasukuma viti vya magurudumu mpaka mlangoni. Walimu wa vituo wanapita kwenye nyumba zetu, wanawafundisha ndugu zetu kufua, kupika, kushona, kutembea wenyewe, kujibu wenyewe wanapoulizwa. Wanafanya kazi kwa uvumilivu, wanamaliza, wanaondoka. Halafu ndugu yule anatugeukia sisi na kile alichojifunza, na sisi tunampigia makofi na kumrudishia. Mwalimu amekwisha kumfundisha binti. Je, sisi nani atatufundisha?

Nawauliza wazazi, nawauliza akina kaka na akina dada. Nani nyumbani kwako amekaa kwenye kigoda kwa sababu wewe unampenda? Nani hajawahi kukuandalia chakula, wala kukukopesha sikio ulipokuwa na shida, wala kukukosoa, kwa sababu umejiwekea kwamba wewe ni wa kutoa na yeye ni wa kupokea? Hujamwonea. Lakini umemfungia mlango mmoja ambao Mungu aliuacha wazi kwa kila mtu.

Maana fikirini sadaka zetu sisi wenyewe mbele za Mungu. Sala zetu tunazosinzia katikati. Kwaya yetu, mnisamehe wanakwaya, Jumapili iliyopita sauti ya pili ilikwenda upande wake na ya tatu upande wake. Mungu angeweza kutuhurumia na kuturudishia. Angeweza kusema, wapelekeeni wenyewe nyumbani, maskini, wamejitahidi. Hajafanya hivyo hata siku moja. Anapokea. Na pale tulipozidisha au kupunguza anatuambia, kwa sababu anatutegemea tena wiki ijayo. Huko ndiko kupendwa, ndugu zangu, na hakuna anayetakiwa kunyimwa.

Nimemaliza, msiangalie saa. Ila nina kazi moja ya kuwapa mtoke nayo. Leo ukifika nyumbani, usiende jikoni. Kaa. Mwambie yule ambaye siku zote unamletea, "Naomba chai." Atashangaa. Atachelewa, na utatamani kusimama umsaidie, kaa hapohapo. Akiileta, inywe mpaka tone la mwisho, na kama sukari ni kidogo, mwambie ukweli.