Fundi Aliyemngoja Mwenye Nyumba

Ndugu zangu, nina mwanamke mmoja nataka mkae naye kidogo leo, kabla hatujasimama kuomba.

Baba yake alikuwa fundi mwashi. Miaka arobaini alijenga nyumba za watu, na mchana alikula chakula cha watu. Vibarua wake aliwapa sheria moja iliyozidi zote: chakula kikiletwa, usikiguse mpaka mwenye nyumba akae na aseme karibu. "Fundi anayetanguliza mkono kwenye sahani ya mwenye nyumba," alikuwa akisema, "huyo kesho atamwibia na misumari."

Akazeeka. Ugonjwa wa kusahau ukamwingia, ukamnyang'anya majina ya wajukuu, kisha njia ya kurudi kwake, kisha hata sura ya marehemu mkewe. Halafu kifua kikambana, wakampeleka hospitali.

Dawa zilifanya kazi, kifua kikalegea. Lakini siku ya tatu binti alipofika, alimkuta baba yake amebaki macho na mifupa. Kadi iliyoning'inia kitandani ilisema: Asubuhi, amekataa chakula. Mchana, amekataa. Jioni, amekataa.

Daktari akamwita pembeni. "Mama, asipokula mpaka kesho jioni, tutampitishia mpira wa chakula puani. Na mikono itabidi tuifunge, maana atauchomoa."

"Mumfunge baba yangu mikono?"

"Tusipofanya hivyo atakufa kwa njaa."

Daktari hakuwa mtu mbaya, ndugu zangu. Alisema alichokijua.

Binti akauliza, chakula cha mchana huletwa saa ngapi? Saa sita. Na ndugu wanaruhusiwa kuingia saa ngapi? Saa saba, sahani zikishaondolewa. Mnaiona hiyo saa moja? Katika saa hiyo moja baba yake alikuwa anakufa, na hakuna mtu wa kwake aliyeruhusiwa kuitazama.

Kesho yake saa sita kasoro alikuwa getini.

"Bado, mama," akasema mlinzi. "Sheria ni sheria."

"Hiyo ya kumwacha mzee afe njaa na sahani imejaa mbele yake, umeisoma ukurasa gani?"

"Mimi naambiwa tu."

"Basi waambie na wewe kwamba umeniona nikipita. Ukitaka kunikamata, nifuate. Nipo wodi ya wazee, kitanda cha mwisho."

Akapita. Mlinzi akamtazama mpaka alipokata kona, kisha akarudi kukaa. Huenda naye ana baba.

Wodini, muuguzi alikuwa anapita na toroli mbio mbio. Akaweka ugali na maharage kando ya mzee. "Babu, kula," akasema, na alipomaliza kusema alikuwa kitanda cha tatu mbele. Mzee akamjibu mgongo wake kwa adabu: "Asante, mama, nimeshiba." Kisha akageuza macho mlangoni, akatulia.

Binti akasogea. "Baba, mbona huli?"

"Shii," mzee akanong'ona. "Hawa watu ni wema sana, wameniwekea chakula. Lakini mwenye nyumba hajaja. Nitaanzaje?"

Binti akaisogeza sahani karibu. Akanawa, akamega tonge. "Haya, tule wote, baba."

Mzee akamshika mkono, akaurudisha. "Usinitie aibu! Wewe ni mgeni kama mimi."

Mmesikia? Mtu aliyekuwa amesahau sura ya mke wake hakuwa amesahau adabu. Siku tatu alikaa na njaa kwa heshima, na sisi tukaandika kwamba amekataa.

Binti akamfuata muuguzi. "Dada, njoo umkaribishe baba yangu."

"Nimkaribishe wapi tena? Nina wagonjwa thelathini na wanane!"

"Alikuwa fundi, anamngoja mwenye nyumba akae amkaribishe. Ukikaa wewe, ataona hapa ni kwako. Sikuombi saa nzima, nakuomba tonge moja."

"Mama, nitakuitia mlinzi."

"Mwite. Naye tutamnawisha."

Muuguzi alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Akaja. Kiti hakikuwapo, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akammiminia mzee maji mikononi, akanawa na yeye, akamega tonge, akatafuna mzee akimwona.

"Karibu, fundi. Karibu tule."

"Haya, mama," akasema mzee. Akala. Akala ugali wote, akafuta maharage kwa kidole.

Muuguzi akaichukua ile kadi. Pale palipoandikwa *amekataa* akapiga mstari, akaandika: *hakukaribishwa*. Akaitazama kidogo. Kisha akamgeukia binti, bila ubaya wowote, akamuuliza, "Na nyumbani alikuwa anakula na nani?"

Binti akaichukua sahani tupu. Mwanamke aliyemshinda mlinzi na hospitali nzima, sasa akaiinamia sahani hiyo. Maana mwaka mzima sahani ya baba yake ilikuwa ikipelekwa chumbani. Mezani mzee alikuwa anamwaga mchuzi, na wageni walikuwa wanatazama. Sahani ikirudi nusu, yeye mwenyewe alikuwa akisema, "Mzee siku hizi hana hamu ya kula."

"Peke yake," akasema.

Ndugu zangu, sikuja kumhukumu. Nani kati yetu atamrushia jiwe? Nyumba ngapi humu zina chumba ambacho sahani huingia na mtu haingii?

Lakini aibu isitufunge midomo. Kuna watu watatuambia, kwa kuwa nyumbani mlikosea, hospitali msiseme kitu. Tutasema! Yule binti alijua kwa nini baba yake hali, lakini hakuwa na ruhusa ya kuwapo. Muuguzi aliruhusiwa kuwapo, ila hakuna aliyemweleza. Kati yao ulisimama utaratibu tu, na utaratibu haukushuka kutoka mbinguni. Uliandikwa na watu, na watu wanaweza kuuandika upya.

Basi Jumatano tunakwenda kwa mganga mkuu wa hospitali yetu. Tutamwomba mgonjwa mwenye ugonjwa wa kusahau awe na mtu wake saa ya chakula, na muuguzi aulize kwanza: huyu mzee wenu ni mtu wa namna gani? Akitukatalia, tutakuja Alhamisi. Akituambia tuandike barua, tutaandika, na Ijumaa tutakuja kuuliza imefika wapi. Tutakuwa wapole, lakini hatutaondoka.

Na leo, kabla ya hiyo Jumatano, ukifika nyumbani usimpelekee mzee wako sahani. Mtoe chumbani, mketishe, unawe naye. Akimwaga mchuzi, umwagike. Wageni wakitazama, watazame.