Mguu wa Simuachi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, masikio yawe wazi.

Hapo zamani za kale palikuwa na mjane, jina lake Kadzo. Alikuwa na mbuzi kumi na wawili na mbwa mmoja, Simuachi. Fisi walimjua huyo mbwa, wakawa wanapita mbali.

Siku moja Simuachi akaanza kuchechemea. Tapu, tapu, tapu... kimya. Mguu wa mbele wa kulia haukutaka kukanyaga.

Kadzo akampeleka kwa Mzee Mwagandi, mganga wa mifugo. Mzee akatazama unyayo. "Mwiba huu," akasema. Akachokonoa, akapaka dawa.

Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukaisha. Tapu, tapu, tapu... kimya.

"Mwiba umezama," akasema mzee. Akachokonoa tena. Simuachi akalia, Kadzo akalia naye.

Mwezi wa pili ukaisha. Tapu, tapu, tapu... kimya.

"Basi tukate kidole. Mlete kesho asubuhi."

Kadzo hakula siku hiyo, akawaeleza majirani shaka yake. Majirani wakamwambia, "Wewe ni nani umbishie Mzee Mwagandi? Ametibu ng'ombe wewe hujazaliwa!"

Asubuhi kisu kilikuwa kimeshanolewa. Kadzo akamkumbatia mbwa wake.

"Babu, nisamehe. Huo mwiba, umewahi kuuona?"

Majirani waliokuja kutazama wakaguna. Mzee akautazama tena unyayo.

"Sijauona," akasema. Akaweka kisu chini, akapiga magoti mavumbini. "Tuanze upya, mjukuu wangu. Kabla hajachechemea, alifanya nini?"

"Aliruka korongo akimfukuza fisi. Akaangukia bega."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Babu."

Mzee akacheka mpaka machozi. Akabonyeza unyayo: kimya. Kiwiko: kimya. Bega: nywii!

"Kumbe miezi miwili nautesa unyayo usio na kosa!" Akamwomba radhi Kadzo. Kisha akamshika Simuachi masikio, akamwomba radhi na yeye.

Akaagiza mbwa afungwe kivulini, asikimbie, bega likandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Kadzo akakanda siku arobaini. Kamba ilipofunguliwa: tapu, tapu, tapu, tapu! Huyoo, nyuma ya mbuzi!

Mzee Mwagandi aliponya ng'ombe wengi, lakini kijiji kinamkumbuka kwa siku ile aliyoweka kisu chini.

Nanyi wanangu, dawa ikirudiwa na maumivu yakabaki, ulizeni tena kwa adabu. Na ukiulizwa wewe, tazama tena.

Ngano yangu naitua hapo. Aliyeisikia, imfae.