Bendeji za Tausi

Sogeeni, na mwenye viazi vya kumenya amenye huku akisikiliza. Hadithi hii mwisho wake mtautoa nyinyi.

Katika mji mmoja wa mlimani waliishi watu watatu, na wote walipata riziki kwa tajiri mmoja, Bwana Mringo. Mwajabu alikuwa dobi wake. Mikono yake ilitambua kila doa na lilikotoka. Sekela alikuwa mpanda farasi wake. Mnyama mkorofi kuliko wote alitulia akishikwa na yeye. Kihwelo alikuwa mpiga debe wa duka lake. Sauti yake ilivuka soko zima bila kipaza sauti.

Bwana Mringo alikuwa na farasi jike, jina lake Tausi. Kila mwaka kwenye maonyesho ya kilimo Tausi alipita uwanjani akiinua miguu ya mbele karibu ifike kifuani. Watu walisema anacheza ngoma, na kombe likawa lake.

Wiki moja kabla ya maonyesho, Mwajabu alipewa bendeji za miguu ya Tausi azifue. Jioni mikono ikamwaka kama mtu aliyekatakata pilipili kutwa, na pilipili hakuigusa. Alipomshika mwanawe wa mwisho shavu, mtoto akaangua kilio. Asubuhi akamwendea bwana.

"Hizi bendeji mnazipaka nini?"

"Kazi yako kufua, mama."

Alizifua zote isipokuwa moja. Hiyo akaitia kwenye kopo, akaenda kwa Sekela. "Mwanangu, Tausi hachezi. Anainua miguu kwa sababu dawa iliyo humu inamuunguza."

Sekela hakulala vizuri. Bendeji alizifunga bwana mwenyewe, akisema ni dawa ya mishipa, naye alikuwa amemwamini. Siku ya maonyesho alimpanda Tausi mpaka katikati ya uwanja, akashuka, akapiga magoti kwenye majani na kuanza kufungua. Tausi, ambaye angempiga teke mtu mwingine yeyote, alisimama tuli. Chini ya bendeji palikuwa na nyama mbichi. Lakini watu walikuwa mbali na bendi inapiga. Wakadhani ni mchezo mpya, wakashangilia. Watu wa Bwana Mringo walikuwa wameshaingia uwanjani kumtoa farasi.

Kipaza sauti alikishika Kihwelo siku hiyo. "Sema farasi amechoka," bwana alimnong'oneza. Mwajabu akapanda jukwaani mbio, akamwekea kopo mbele yake, akamweleza kwa maneno mawili. Kihwelo alinyamazisha bendi.

"Mabibi na mabwana, bendeji hii imetoka mguuni kwa Tausi. Naifunga mkononi mwangu, kisha nawatajia mbegu zote za maonyesho mpaka nishindwe."

Akaanza na mahindi. Kwenye maharage sauti ikatetemeka. Kwenye alizeti akakatika, akaing'oa bendeji kwa meno. Daktari wa mifugo wa maonyesho akashuka mbio hadi kwa Tausi.

Kamati ya maonyesho ilimchukua Tausi. Bwana Mringo naye aliwafukuza wote watatu kabla jua halijazama, na Mwajabu akatolewa pia kwenye chumba cha bwana alichokaa na watoto wake wanne. Alihamia kwa dada yake, wakalala kama dagaa.

Baada ya miezi miwili Tausi alipona. Alitembea kwa hatua fupi za kivivu, akisimama kila penye majani.

"Sasa anatembea kama mimi nikitoka sokoni," Mwajabu alisema, akacheka mpaka akakaa chini.

Ndipo kamati ikatangaza: Tausi anahitaji mtunzaji wa kudumu, atakayepewa nyumba ya vyumba viwili yenye bomba la maji. Apewe aliyemwokoa. Mmoja tu.

"Mama, bila mimi wangesema umeunguzwa na sabuni," alisema Sekela. "Na huyu farasi nani mwingine atamshika miguu?"

"Na wewe, bila mimi, wangekupigia makofi mpaka leo," alisema Kihwelo, akionyesha kovu mkononi. "Nani sasa ataniajiri kutangaza?"

"Nyote wawili mlikuwa mnasema anacheza," alijibu Mwajabu. "Na mimi nina wanne wanaolala chini."

Mwenyekiti wa kamati aliwatazama, akauweka ufunguo wa nyumba mezani, akasema hawezi kuchagua. Basi ufunguo huo nauleta kwenu. Je, wewe ungempa nani?