Kasuku wa Mwavita

Kasuku akinyamaza, usishukuru utulivu. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mdogo wake asubuhi ya leo, nanyi mkatazamana, maana hapa nyumbani hatufugi kasuku, wala jirani zetu hawafugi. Mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Sogezeni mikeka basi, tuendelee kupukuchua mahindi huku nikiwaeleza. Methali hii ilianza hivi, kule Ujiji, katika nyumba ya fundi cherehani aliyeitwa Feruzi. Nilisimuliwa na mama yake, Bi Sikitu, naye alikuwa mtu asiyejipendelea katika masimulizi yake.

Feruzi alimwoa Mwavita, binti wa mfanyabiashara wa mawese. Siku bibi harusi alipoletwa, aliingia na masanduku yake, vyombo vyake, na tundu kubwa la ndege. Ndani ya tundu alikuwamo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Gumzo. Mwavita alimlea tangu hajaota manyoya, akimlisha uji kwa ncha ya kidole, na ndege yule alimjua kama mtoto anavyomjua mama yake.

Bi Sikitu hakumpenda Gumzo. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na mwanawe wa pekee, Feruzi, alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo mama huyu alikuwa amezoea nyumba ya kimya. Sasa kila alfajiri Gumzo alianza kwa kuwika kama jogoo, akafuatia na mlio wa mlango wenye bawaba kavu, kisha akamalizia kwa sauti ya Mwavita mwenyewe: "Mama, chai tayari." Mara nyingi Bi Sikitu alijifunga kanga yake vizuri, akaenda jikoni, akakuta hata moto haujawashwa.

Siku moja Feruzi alikuwa barazani na mteja mwenye mazungumzo marefu. Mara sauti ya Bi Sikitu ikatoka dirishani: "Huyu naye ataondoka lini?" Mteja akachukua kofia yake, akaenda zake. Bi Sikitu aliapa kwamba siku ile hakufungua kinywa, na ni kweli hakufungua. Alikuwa ameyasema maneno yale juma lililotangulia, juu ya mtu mwingine.

"Mwanangu," alimwambia Mwavita jioni hiyo, "huyu ndege wako hachoki?"

"Hachoki, mama. Kelele ndiyo afya yake."

"Afya yake, maradhi yangu," alijibu Bi Sikitu, akaingia ndani.

Wakaishi hivyo. Kisha Mwavita akapata ujauzito. Hii haikuwa mimba ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, na baada ya hapo wakangoja miaka, mpaka watu wakaacha kuuliza. Kwa hiyo alipojifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Kidawa, Bi Sikitu alishika mambo ya uzazi ule kwa mikono yake miwili. Mzazi asiguse maji baridi. Mzazi asipigwe na upepo. Asubuhi na jioni alimkanda Mwavita kwa maji ya moto, akampa uji wa pilipili manga, na mtoto hakumruhusu mtu amchukue hovyo.

Na Gumzo? Mwavita hakuweza tena kumhudumia, kwa sababu mzazi wa siku zile alikaa chumbani mpaka arobaini yake iishe. Akamwita mumewe, akamfundisha.

"Asubuhi mwage maji ya jana, usiongezee juu yake," alimwambia. "Mpe chikichi, mpe papai na mbegu zake, hata pilipili anakula. Parachichi usimpe kabisa. Chakula chetu chenye chumvi usimpe, hata akikuomba kwa jina lako. Na jua likiwa kali mnyunyizie maji, anapenda kuoga."

"Na akiugua nitajuaje?" aliuliza Feruzi.

"Hilo ndilo gumu. Ndege huficha ugonjwa wake. Lakini mtazame anavyokaa. Akiwa mzima hulala juu ya kijiti chake, mguu mmoja ameukunja tumboni. Ukimwona ameshuka kukaa chini, sakafuni mwa tundu, ujue hana tena nguvu za kushika."

Feruzi alifanya kama alivyoambiwa, mwanzoni kwa wajibu tu. Alining'iniza tundu barazani karibu na cherehani yake, na siku zilivyokwenda akaanza kumzoea ndege. Akagundua kwamba Gumzo aliiga mlio wa cherehani, tena alijua uzi unapokatika, maana alinyamaza wakati huohuo. Akagundua pia kwamba hakuna kitu kilichomfurahisha ndege yule kama mvua. Matone ya kwanza yakigonga bati, Gumzo alitandaza mabawa, akapiga miluzi, akapiga kelele mpaka mvua ikatike.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku moja mchana, masika yakiwa yamekolea, mvua ilikuja na upepo mkali kutoka ziwani. Upepo uliingiza maji barazani. Feruzi alivuta cherehani yake hadi ukutani, akafunika vitambaa vya watu, kisha akalichukua tundu akalipeleka chumbani kwa mkewe, ndiko kulikokuwa kukavu. Mwavita alifurahi kumwona ndege wake. Bi Sikitu hakufurahi sana, lakini alisema liwekwe kwenye kona, kwa muda tu, mvua ikipungua litolewe.

Baada ya mwanawe kurudi barazani, Bi Sikitu aliona baridi inazidi. Akaleta jiko la mkaa uliowaka vizuri, akaliweka katikati ya chumba. Akafunga dirisha. Upepo ulikuwa ukipenya kwenye nyufa za mbao, kwa hiyo akachana kanga kuukuu, akaziba nyufa zote kwa vipande vyake. Alipotoka akaubana mlango, akakunja gunia akalisukumiza chini yake. Alikuwa akiingia na kutoka, akiangalia maji ya kukandia yanayochemka jikoni, na kila alipotoka alilirudisha gunia mahali pake. Alifanya yote hayo kwa mapenzi. Aliwaza juu ya kifua cha kile kichanga, hakuwaza kitu kingine.

Mvua ikaendelea. Feruzi alishona. Kutoka chumbani alimsikia Gumzo akipiga miluzi na kelele zake za mvua, mpaka akacheka peke yake. Kisha miluzi ikapungua. Kisha ikaisha. Feruzi akahisi raha kidogo masikioni, akaendelea na pindo la gauni alilokuwa akilishona.

Bi Sikitu alikuja barazani akajibwaga kwenye kiti, akijikanda paji la uso.

"Kichwa kinanigonga," alisema. "Huku kuna hewa, angalau. Lakini nashukuru Mungu, leo nyumba imetulia. Wote wamelala. Mkeo amelala, mtoto amelala, hata yule mpiga kelele wako amefunga mdomo."

"Gumzo amelala?" Feruzi aliuliza. "Na mvua hii?"

"Kimya kabisa. Sijapata utulivu kama huu tangu aingie humu ndani."

Feruzi akaushusha mguu kutoka kwenye cherehani. Alisikiliza. Bati lilikuwa likinguruma kwa mvua, na chini ya mngurumo ule hapakuwa na sauti nyingine.

"Amelalaje, mama?"

"Analalaje ndege? Nimemwona amejikunyata pale chini ya tundu, mdomo wazi. Labda naye amechoka."

"Chini ya tundu?"

"Ndiyo, chini. Sasa unakwenda wapi? Feruzi, usiwaamshe. Mzazi hajapata usingizi tangu jana."

Feruzi alisimama mlangoni. Hakuwa mtu wa kumpinga mama yake, na jambo la chumba cha uzazi halikuwa jambo la mwanamume kuliingilia. Bi Sikitu aliniambia kwamba mwanawe alisita hapo, naye akadhani amemtii. Kisha Feruzi akasema kwa upole, "Nisamehe, mama," akaingia ndani.

Alilisukuma gunia kwa mguu, akafungua mlango. Joto zito lilimpiga usoni. Moshi haukuwapo, wala harufu mbaya haikuwapo. Gumzo alikuwa amelala ubavu chini ya tundu, mabawa yamelegea. Feruzi akadhani ndege ndiye aliyeugua. Alimwita mkewe ili amuulize la kufanya.

"Mwavita. Gumzo anaumwa."

Mwavita hakujibu. Akamtikisa bega. Mkewe akafumbua macho nusu, akanong'ona, "Niache, kichwa," akayafumba tena, na mkono wake ukaanguka kando ya kitanda. Hapo Feruzi akalitazama jiko, akalitazama dirisha na vile vitambaa kwenye nyufa, na yeye mwenyewe akaanza kusikia kizunguzungu. Hakumaliza hata kufikiri. Alimnyakua mtoto, akatoka mbio, akampakatisha mama yake palepale kwenye kiti.

"Mpeleke penye hewa, mama. Ni mkaa."

Akarudi ndani, akalipiga dirisha teke likafunguka, akambeba mkewe mgongoni kama gunia la mahindi, akamlaza barazani upepo na mvua vikimpiga. Mara ya mwisho alirudi kulichukua tundu.

Mwavita alianza kukohoa. Akatapika, akafumbua macho, akauliza mtoto yuko wapi.

Mtoto alikuwa mikononi mwa Bi Sikitu, amelegea, kimya. Bi Sikitu alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa baraza, amemwelekeza uso kwenye upepo uleule aliokuwa akimkinga nao. Alimsugua mgongo. Alimsugua nyayo. Alimpulizia usoni. Aliniambia kwamba katika maisha yake aliomba dua nyingi, lakini siku ile aliomba kitu kimoja tu: kelele. Kelele yoyote.

Tone la mvua likaanguka kwenye shavu la Kidawa. Akakunja uso. Akavuta pumzi fupi, kisha nyingine ndefu, kisha akalia. Alilia kwa hasira, akirusha miguu huku na huku, na bibi yake akamkumbatia akalia pamoja naye, wala hakuna aliyemwambia yeyote kati yao anyamaze.

Mvua ilipopungua, jirani mmoja alikwenda kumwita Paskazia, mkunga wa zahanati. Alimpima mama na mtoto, akakaa nao mpaka akaridhika. Akawaeleza kwamba mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia, nayo humlaza mtu usingizi asioamka.

"Ndege mapafu yake ni madogo na mepesi," alisema, "kwa hiyo sumu humpata kabla ya mtu. Mngengoja aamke mwenyewe, mngewazika wote watatu."

Bi Sikitu akauliza kwa sauti ndogo, "Basi mimi ndiye niliyetaka kuwaua?"

"Mama," alisema Mwavita, akiwa bado amelala juu ya mkeka, "wewe ulitaka tusipate baridi. Njoo ukae hapa karibu yangu."

Bi Sikitu akaenda akakaa.

Gumzo alipona taratibu kuliko wote. Siku nzima hakupanda kijiti. Bi Sikitu mwenyewe alimponda papai, akamlisha kwa ncha ya kidole kama alivyoona mkwewe akifanya, na asubuhi moja, watu wakiwa bado wamelala, ndege aliwika kama jogoo. Bi Sikitu akasikia, "Mama, chai tayari." Akainuka, akajifunga kanga, akaenda jikoni akijua wazi hakuna chai. Akaipika mwenyewe.

Tangu hapo jirani akilalamika juu ya makelele ya ndege, Bi Sikitu alimjibu: kasuku akinyamaza, usishukuru utulivu. Watu walicheka tu, wakidhani anamsifu kasuku wake. Lakini mwaka uliofuata jirani yao Bi Tatu alikuja barazani, akajisifu kwamba binti yake, aliyekuwa msemaji kupita kiasi, sasa ametulia, habishani, hata nyimbo ameacha kuimba. "Nimeshukuru, amekua," alisema. Bi Sikitu akamtazama, akayarudia maneno yale. Safari hii hakuna aliyecheka. Bi Tatu aliondoka kabla ya kumaliza kikombe chake, akakaa na binti yake, akamuuliza kwa upole mpaka yule binti akafungua moyo. Palikuwa na mtu mzima aliyekuwa akimtisha njiani aendapo kisimani, na alikuwa ameogopa kusema. Jambo lile lilikomeshwa mapema, kabla halijawa baya zaidi, na mtoto akarudia nyimbo zake. Bi Tatu ndiye aliyeyapeleka maneno hayo mtaa kwa mtaa, mpaka yakatufikia hata sisi tusiofuga ndege.

Ndiyo maana shangazi yenu amesema alivyosema. Mdogo wake alikuwa akimweleza kwamba mumewe siku hizi hana maneno, akirudi kazini anakula na kulala, na nyumba ina amani. Naye amemjibu kwa yale aliyoyasikia kwa wakubwa wake, nami naona maneno yamemwingia huyo mdogo wake, kwani amekwenda nyumbani mapema kuliko kawaida yake: kasuku akinyamaza, usishukuru utulivu.