Kikombe cha Eliya

Sogeeni, nina kesi imenishinda. Kule Tukuyu, kwa mjane Atuganile, kulikuwa na dada watatu. Sekela alikuwa fundi wa mapishi. Lugano alikariri kila mahubiri. Tupokigwe, kitinda mimba, hakujaliwa chochote isipokuwa ukaidi.

Dada yao wa nne, Subilaga, aliolewa bila idhini. Mama akamfukuza kwa kiapo: “Usije ukabisha mlango huu! Mkono wangu hautakupikia tena, wala kukumiminia hata maji!” Miaka miwili mama alimlilia kwa siri, ila kiapo alikuwa amekula.

Alhamisi Kuu, Lugano alirudi kutoka kanisani na shauri.

“Mchungaji kasema Wayahudi hula Pasaka kukumbuka walivyotolewa utumwani Misri. Karamu ya mwisho ya Yesu ilikuwa hiyohiyo. Nasi tuile, tuielewe Meza ya Bwana.”

Sekela akaoka mkate usiotiwa chachu.

“Mbona chapati tu hizi?” mama akauliza.

“Kwani chapati ina hamira, mama?”

Wakacheka.

Lugano akamimina kikombe cha ziada. “Cha nabii Eliya, msikiguse. Wayahudi wanamngoja amtangaze Masihi. Atairudisha mioyo ya wazazi kwa watoto wao.”

Mama akainamisha kichwa.

Ikabaki desturi ya mwisho: kumfungulia Eliya mlango. Nje mvua ilikuwa inamwagika.

“Acha, baridi itatuua!” mama akasema. Tupokigwe akaufungua wazi kabisa.

Barazani alisimama Subilaga, ameloa chapachapa, mtoto mchanga kambeba mgongoni. Alikuwa pale tangu saa kumi. Alikatazwa kubisha, hakubisha.

Mama akakipima kiapo chake. Mlango haukubishwa. Mkate haukupikwa kwa mkono wake. Kikombe kilikuwa kimeshamiminwa.

“Ingia, mwanangu. Kunywa,” akasema, akaangua kilio cha furaha.

Mtoto, wa kike, hakuwa na jina. Subilaga alimwachia bibi ampe.

“Ataitwa kwa jina la aliyemrudisha mama yake,” bibi akaamua.

“Basi Sekela! Bila mkate wangu angekula nini?”

“Lugano! Karamu nimeileta mimi.”

“Na nisingefungua?” Tupokigwe akauliza.

Hawajaelewana hadi leo, siku ya ubatizo. Mchungaji ameshachovya mkono, anauliza jina, na bibi amegeuka kututazama sisi waumini. Je, wewe ungemjibu nini? Ila jibu upesi: maji ya Tukuyu ni ya baridi, na mtoto ameshavuliwa kofia.